Kiporo cha Joto: Barua kutoka Reykjavík

Kwenu nyote wa nyumbani, Mombasa,

Mama, uvumi kwamba nimenenepa si wa kweli. Yale mliyoyaona pichani ni makoti mawili.

Mwaniuliza jua huku lachomoza saa ngapi. Mwezi huu wa Desemba lachomoza saa tano na ushei za asubuhi, na ikifika saa tisa na nusu alasiri limeshakwenda zake. Hata hilo lililotoka halipandi juu. Laambaa upeoni kidogo, likishaonekana limetosheka. Adhuhuri, alasiri na magharibi zimebanana hivi kwamba mwenye kuchunga udhu wake husali zote tatu bila kurudi bombani. Kwa hiyo Baba, tafadhali warekebishe wenzako barazani: sikuja kusomea umeme wa jua. Hapa jua lenyewe ni mgeni. Nasomea jotoardhi, yaani ule mvuke wa chini ya ardhi.

Baridi iko nje. Ndani ni Mombasa mtupu. Takriban nyumba tisa katika kila kumi za Iceland hupata joto lake kutokana na maji ya moto ya ardhini. Mwenye nyumba wangu akiona chumba kimezidi joto, hahangaiki kulipunguza, afungua dirisha. Namtazama nikinyamaza, mimi niliyelelewa kwa amri ya "zima taa hiyo, kwani babako ndiye mwenye mitambo ya umeme ya Kipevu?"

Sehemu ya maji hayo yatoka kituo cha jotoardhi cha Nesjavellir, kwa bomba la kilomita 27, na njia nzima hayapoi hata nyuzi mbili. Kasoro yake ni kwamba maji ya moto huku yanuka yai viza, kwa sababu ya gesi ya salfa. Mgeni huziba pua siku za mwanzo, kisha huzoea. Mimi siisikii tena harufu hiyo, kwa hiyo nikirudi mniambie ukweli kama nanuka.

Lakini nililotaka kuwaeleza hasa ni hili. Kama Mama asivyotupa kiporo, watu hawa, ukiacha madirisha yao, hawatupi joto. Mvuke ukitoka ardhini kwanza huzungusha mitambo ya umeme. Ukishafanya kazi hiyo hutumiwa kupasha maji ya majumbani. Maji yakishapasha nyumba hubakiwa na nyuzi 30 na kitu, nayo hayaachwi yapumzike: hupitishwa kwenye mabomba chini ya njia za waendao kwa miguu ili yayeyushe theluji. Juzi nilimkuta ajuza katika barabara ya Laugavegur, theluji imelundikana pembeni, yeye amesimama pakavu ala aiskrimu bila haraka.

Aya hii Bibi asisomewe. Kila mtaa una bwawa la wazi la maji ya moto, na hilo ndilo baraza lao. Siasa, mpira na umbea vyote hujadiliwa humo, watu wamezama hadi shingoni huku theluji yawaangukia utosini. Ila huingii kabla hujaoga kwa sabuni, bila nguo, mbele ya wenzako. Ukutani pana picha ya mwili iliyotiwa rangi sehemu za kusugua, na pana mtu wa zamu wa kuhakikisha umezisugua. Wasema hawataki kujaza klorini bwawani. Nimegundua bafu moja la pembeni lenye pazia, na huamka mapema kuliwahi.

Darasani nako, ukisema "sasa?" kwa sauti, wanaogeuka si wachache. Mafunzo haya ya jotoardhi yalianza 1979, na Kenya imeleta wanafunzi wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Mwalimu akitaka mfano, mara atoa ramani ya Olkaria, kule Naivasha. Nimepanda ndege mpaka karibu na ncha ya dunia nikafundishwe habari za Naivasha! Lakini tembeeni kifua mbele: mtambo wa kwanza wa Olkaria uliwashwa 1981, na leo takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya watokana na mvuke.

Hapo najua Mjomba ameshainua kidole: kama mvuke ni wetu na ni wa bure, mbona tokeni za umeme zaisha kabla chapati hazijaiva? Mjomba, mvuke ni wa bure, shimo ndilo la pesa. Kisima kimoja cha kilomita mbili au tatu hugharimu mamilioni ya dola, na yawezekana uchimbe utoke mikono mitupu; deni halikuhurumii. Kisha jioni nchi nzima ikiwasha taa kwa mkupuo, mitambo ya mafuta huamshwa isaidie, ikiwemo ya hapo Kipevu, na gharama ya mafuta hayo yaingia ndani ya tokeni yako pamoja na kodi. Usiku wa manane mambo hugeuka: mmelala, umeme hauna mnunuzi, na mvuke mwingine wa Olkaria huachiwa upae hewani. Hilo ndilo linaloniuma.

Basi tasnifu yangu yahusu kiporo hicho. Naivasha wakulima wa maua walishapasha mabanda yao kwa joto la ardhini, na Menengai kumejaribiwa kuchemsha maziwa, kufua nguo na kufuga samaki kwa joto la kisima. Shida si maarifa. Shida ni kumpata wa kulinunua joto lililobaki, karibu na kisima, kila siku. Msimamizi wangu ameniuliza mnunuzi huyo ni nani. Nimemwambia anipe muda, nina mjomba.

Nitumieni achari ya embe na pilipili. Koti msitume. Na Mjomba, pesa za tokeni nitazituma Ijumaa. Mpaka hapo, pasi na birika visiwashwe pamoja.

Ni mimi mwanenu.