Uniti Zangu, Barafu za Mama Friza

Ukitaka kubana umeme, kwanza uwe na mita yako. Hilo hawakwambii. Wanakuja redioni watu wazima na sauti zao nzuri: zima taa, chomoa chaja, badili balbu. Ukiwafuatilia, wote wana mita zao. Mimi nina chumba na sebule Mbagala. Wapangaji wanane, mita moja, choo kimoja, na kila mtu ana maoni.

Mambo yenyewe yalianzia kwenye daladala. Redio inasema kuna mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, umezinduliwa 2024, lengo ni ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanapikia nishati safi. Nikajipima. Kwa hali yangu hii, mimi nipo kwenye ile 20 inayobaki. Nikakasirika. Yaani kila siku mimi niwe wa wanaobaki? Hata darasa la saba, yaliposomwa majina ya waliofaulu, nilibaki na wenzangu tukapanga madawati.

Kijana mmoja kazini akaniambia mzee, siku hizi tunaishi kijani. Nikamwuliza uchaguzi si ulishapita? Akaniangalia, akaenda zake kunywa chai.

Nikaanza na balbu. Nimeenda kwa Mangi, nipe balbu ya kubana matumizi. Kanipa ya wati 9, elfu tatu. Elfu tatu! Nikamwambia Mangi, tusifanyane watoto. Yangu ya zamani ina wati 60 na niliinunua buku. Hii wati tisa unanipigaje elfu tatu? Nipe ya elfu tatu yenye wati zake kamili. Duka likanyamaza. Kuna mtoto wa shule pale, sare imechakaa, soksi moja imeshuka, ametumwa chumvi. Akasema, “Babu, wati ni umeme inaokula, siyo mwanga inaotoa.” Babu! Na wati juu yake! Mbele ya dada wa vocha! Nikalipa elfu tatu bila kuomba punguzo, nikasahau na chenji.

Lakini yule mtoto alikuwa na kichwa. Kanifuata hadi nje na somo lake. Kitu cha wati 1,000 kikiwaka saa moja, hiyo ndiyo uniti moja. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku, mwezi ukiisha imekula uniti tisa. Hii ya wati 9 haifiki hata uniti moja na nusu. Kwa hiyo nimeokoa uniti saba na ushee. Kwa bei yetu, pamoja na makodi yake, ni kama shilingi 2,700. Jamani, nilitembea kifua mbele. Nikawa napita vyumba vya watu jioni nachungulia wana balbu gani.

Siku ya kuchangia LUKU ikafika. Mchango uleule. Nikasema ngoja, mimi mwezi huu nimeokoa! Wakaniuliza umeokoa nini? Nikawaeleza wati. Wakagawa ile 2,700 kwa wanane. Fungu langu likatoka kama shilingi 340, na hata hiyo sikupewa, maana ilishaingia kwenye friza.

Friza ni la mama wa chumba cha mbele. Lile la kulala, kubwa, ukilifungua mvuke unatoka. Anauza barafu, juisi ya ukwaju na maji ya baridi. Linakoroma usiku na mchana, ukuta wake ndio ukuta wangu. Mimi nakaa gizani nahesabu wati tisa, huku linavuta. Joto likinizidi natuma mtoto akanunue barafu. Mia mbili. Nainyonya kwa uchungu, nikijua imegandishwa na uniti zangu.

Halafu nikasikia kuna bei ya watumiaji wadogo. Usipovuka uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100 kabla ya makodi. Nikaitisha kikao koridoni. Wenzangu, tujibane, tuingie kule! Mpangaji mmoja, kijana wa sabufa, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema uniti 75 nyumba hii inazimaliza sabufa likiwa bado halijapata moto. Akaendelea: “Mzee, Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa, megawati 2,115. Wewe unabana wati tisa ili iweje? Rufiji ikauke?” Watu wakapiga makofi. Kikao kikafungwa na aliyekiitisha hakuulizwa.

Sola nayo nilijaribu. Nilimfuata baba mwenye nyumba na heshima zote, shikamoo mzee, naomba niweke kapaneli kadogo juu ya bati. Akanijibu, “Mwanangu, wewe umepanga chumba. Bati hukupanga.”

Basi nikahamia jikoni. Mama watoto anapikia mkaa kama watu wengi wa Dar. Misitu ya Pwani na Morogoro inaisha kwa ajili ya maharage yetu, ndivyo nilivyomwambia. Akasema sawa, basi leta kingine. Nikaleta mkaa mbadala, ule wa kufinyangwa kwa vumbi la mkaa. Nasikia ukiujulia unadumu kuliko mkaa wenyewe. Sisi hatukuujulia. Tumepuliza, tumepepea, tumemwagia mafuta ya taa, mwisho mama watoto kawasha mkaa wa kawaida chini yake ili huu mbadala upate moto. Nikawa napikia mikaa miwili. Moshi ukajaa koridoni, mtu akauliza nani anachoma tairi. Mama watoto akasema, “Baba Junia, haya mawe uliyanunua wapi?”

Ndipo nikanunua jiko la presha la umeme. Kwa mkopo, msinisimange. Hili ndilo jambo la maana nililowahi kufanya, na ndilo lililoniharibia jina. Maharage makavu, unatia maji, unafunika, unabonyeza, unaondoka. Uniti moja haliimalizi. Moja! Pasi ya kijana wa sabufa, anayenyoosha jinsi, kitu kilichotengenezwa kukunjamana, inakula zaidi. Lakini nyumba yetu ina sheria imeandikwa kwa chaki mlangoni: hita na majiko ya umeme marufuku. Friza halikuandikwa. Mke wa mwenye nyumba hunyweshwa ukwaju bure.

Kwa hiyo nikawa napika kwa kuiba. Saa tano usiku, mlango umefungwa, balbu ya wati tisa imezimwa, redio imefunguliwa kidogo ili lile jiko likilia pii pii ionekane ni taarifa ya habari. Mtu mzima na watoto wake nanyata chumbani kwangu kwa sababu ya maharage.

Pii pii haikuniumbua. Kilichoniumbua ni mvuke. Nimebonyeza kile kidude cha kutolea presha, kikapiga pssssssh, jamani, hata mimi nilirudi nyuma. Koridoni sauti ikapasuka: “Gesi! Gesi inavuja!” Nyumba nzima ikatoka. Mmoja kabeba godoro. Kijana kabeba sabufa, mke kamwacha ndani. Mama Friza anajaribu kusukuma friza peke yake. Na mimi nikatoka na taulo, nakimbia nao, napiga kelele gesi, gesi, kuliko wote. Ningefanyaje? Ukibaki ndani wanajua ni wewe.

Tumesimama uani tunatetemeka. Kimya. Halafu harufu ikaja, taratibu. Maharage. Watu wakaanza kugeuza pua. Mwanangu wa mwisho, yule ninayemlipia ada, akasema kwa sauti ya kuelewesha wajinga, “Siyo gesi. Ni baba anapika.”

Kikao kilifanyika palepale, mimi nikiwa na taulo. Nikajitetea, uniti moja tu haifiki! Bibi wa chumba cha nyuma akasema mwizi huwa anaanza na kimoja. Nikataja pasi, wakasema usibadilishe mada. Nikataja friza, wakanizomea. Nikaomba tufunge mita ndogo, kila chumba na yake, kila mtu alipe anachokula. Hapo waliokuwa wanacheka wakakasirika. Eti naleta ubaguzi.

Hukumu ikawa hivi: naruhusiwa kupika, ila naongeza buku tatu kila mwezi, fungu la jiko. Na kwa kuwa najua sana wati, nimekuwa mtunza LUKU wa nyumba. Nakusanya michango, nanunua tokeni, naingiza namba. Uniti zikikata, ni mlango wangu unaogongwa.

Juzi wamegonga saa nane usiku. Kijana wa sabufa, macho mekundu, nyuma yake Mama Friza kajifunga kanga, analia barafu zake zinayeyuka. “Mzee, tupia hata za buku mbili, asubuhi tutakurudishia.” Hawarudishagi. Nikawaambia leo mtalala giza, mjifunze kubana matumizi. Nikafunga mlango. Mama watoto akanisemesha kutoka kitandani, polepole, “Baba Junia, kunde zako zimefika dakika ya ngapi?”

Nikatupia za buku tano.