Barua kwa Bibi Ubuyu

Miaka 22 sasa nipo nje ya geti la shule ya msingi, chini ya mkungu, nauza ubuyu, karanga na barafu za ukwaju. Ubuyu wa kwenye mfuko ni shilingi 100. Ule mwingine, wa mdomoni, naletewa bure kila siku saa nne, kengele ya mapumziko ikishalia, na huo hauhitaji sukari. Ndiyo maana mhariri akanipa safu hii. Alitaka mtaalamu, akakosa wa bei yake.

*Shikamoo Bibi. Niko darasa la tatu. Choo cha nne cha wavulana kina jini, mwanamke mzuri mwenye kwato. Vyoo vingine foleni ni ndefu, kwa hiyo nabana mpaka saa nane. Nifanyeje? – Mbanaji*

Marahaba mjukuu wangu. Kwanza ujue hujaanza wewe. Enzi za mkoloni kule Nairobi na Kampala kuna watu wazima waliomwogopa mzimamoto kuliko moto wenyewe, maana ilivuma kwamba kazi yake hasa ni kunyonya watu damu. Huku kwetu tulimwita mumiani, na mama yangu alilitumia jina hilo kuniingiza ndani kila magharibi. Mwaka 1995, Pemba na Unguja, wanaume wenye ndevu na wajukuu walilala nje kwa makundi, moto umekokwa, wakimkwepa jini Popobawa. Wewe na kibofu chako mna ukoo mkubwa.

Ila huyu jini wako nimemchunguza. Fundi wa milango ni mteja wangu, na ameniambia kati ya vyoo sita ni hicho cha nne tu chenye komeo. Nami nikiwa hapa mezani naona kila mapumziko vijana watatu wa darasa la saba wanatokea upande huo wakilamba vidole vyekundu. Ubuyu wangu naujua. Mwenye kwato hajawahi kununua kwangu hata siku moja. Nenda na wenzako wanne, mgonge mlango mkikohoa kama mwalimu wa zamu, mtamwona jini anatoka huku anafunga mkanda.

*Mwanangu wa darasa la pili shule nzima inamwita Kikojozi. Kesho naingia ofisini kwa mwalimu mkuu, na sitoki mpaka nitajiwe nani kasema. – Baba Mwenye Uchungu*

Baba, hebu keti kwanza hapo kwenye benchi. Nimeona wazazi wengi wakipita hapa na uso kama wako, na wote walitoka wameharibu zaidi. Jina la utani lina bei yake kama nyanya, na anayelipandisha ni yule anayeuliza "nani kasema?" huku mishipa ya shingo imemtoka. Leo linajulikana darasa la pili. Ukishafoka ofisini, kesho linajulikana kwa mpishi wa uji.

Hata hivyo nitakujibu. Aliyesema ni godoro. Nyumba yako iko njia ya shule, na kila asubuhi godoro la mtoto linaegemezwa barazani, doa limetazama barabarani kama picha ya mgombea udiwani. Lianikwe uani. Na mama watoto, akienda kusukwa kwa jirani, azungumzie bei ya mchele.

Mtoto asichapwe wala asiimbiwe ule wimbo wa kikojozi. Jambo hili mara nyingi hurithiwa: mzazi alikuwa nalo, mtoto analipata. Mpigie simu mama yako umuulize wewe ulikuwa unaitwaje utotoni. Ukiona haya, njoo kwangu. Ulisoma hapahapa, mwaka wangu wa kwanza mezani.

*Bibi nimemeza mbegu ya chungwa. Rafiki yangu anasema Ijumaa mti utatokea masikioni. – Mwenye Siku Tatu*

Mbegu huota kwenye udongo, mjukuu wangu, haioti kwenye ugali. Watoto wangapi wamemeza mbegu za ubuyu hapa kwangu! Ingekuwa kweli, mtaa huu ungekuwa msitu wa mibuyu. Itatoka yenyewe kabla ya Ijumaa. Choo cha nne kiko wazi.

*Mimi ndiye mchekeshaji wa darasa la sita. Kuna mwenzangu ana masikio makubwa, namwita Dishi, na darasa zima linacheka. Sasa ameacha kutoka nje wakati wa mapumziko, mwalimu ananilaumu mimi. Nimemwambia ni utani tu. – Mchekeshaji*

Neno "utani" usilitaje ovyo mbele yangu. Mimi Mzaramo, nimeolewa na Mnyamwezi. Wazee wao walifika Pwani na misafara, mizigo mabegani, tukatukanana, tukapeana maji, tukazikana. Siku ya msiba wa baba yangu watani walilizuia jeneza mlangoni mpaka walipwe, na mmoja akajilaza njiani akaiga marehemu anavyokoroma. Nililia na kucheka kwa wakati mmoja, nikapaliwa. Mwaka uliofuata wakafiwa wao. Nikavaa kofia ya marehemu, nikaingia jikoni kukagua sufuria la nyama kwa sauti yake, na hakuna aliyeninunia. Ni zamu kwa zamu, kama bao. Hata Simba na Yanga ni watani wa jadi kwa kuwa kila mmoja ana Jumapili yake ya kulia.

Sasa tufungue daftari. Wiki iliyopita, hapa mbele ya meza yangu peke yake, nimekuhesabia "Dishi" mara 14. Yeye amekurudishia mara ngapi? Hata moja. Bao gani hilo, mtu mmoja anakula kete zote na mwenzake anashika ubao?

Kesho saa nne mlete kwenye benchi langu. Barafu mbili, unalipa wewe. Yeye ana zamu 14. Anaweza kuanzia kidole gumba kinachochungulia kwenye kiatu chako cha kushoto, akaja kwenye ile siku uliposoma shairi mbele ya paredi sauti ikapanda kama jogoo mchanga. Kazi yako ni kucheka. Ukifika ya tano macho yakaanza kuwasha, tutasema ni pilipili ya embe.

*Kila nikigeukia ubao, darasa la tano linacheka. Nikiwatazama, kimya. Nimesoma habari za ugonjwa wa kucheka wa Kashasha. Je, umerudi? – Mwalimu*

Mwalimu, ule wa Kashasha, karibu na Bukoba, ulianza tarehe 30 Januari 1962 kwa wasichana watatu wa bweni, ukafikia 95 kati ya 159, na mwezi Machi shule ikafungwa. Wale walicheka na kulia kwa saa nyingi, wengine kwa siku kadhaa, hata mwalimu awakodolee macho vipi. Wagonjwa wako wanapona ukiwatazama. Basi ugonjwa uko nyuma yako. Ni ile suruali ya kaki, pale mishono miwili inapokutana, tangu Jumanne. Walimu wenzako waliniambia walipokuja kununua karanga.

*Bibi, eti ni kweli rangi ya ubuyu wako ni wino wa kalamu nyekundu ya mwalimu? – Mteja*

Nani kasema? Taja jina. Darasa la ngapi, mkondo gani, anakaa dawati moja na nani? Kesho saa mbili kamili niko ofisini kwa mwalimu mkuu, na sitoki. Mhariri, wiki ijayo nataka ukurasa mzima.