Pemba Mbili

Hesabu nilikuwa sishindwi tangu shule ya msingi. Ndiyo maana nilipokata tiketi ya ndege kutoka Tanga kwenda Pemba, sikumuuliza mtu safari ni ya muda gani. Niliiuliza simu. Ikanijibu: kilomita 890 hivi. Nikagawanya kwa mwendo wa ndege ndogo, kilomita 300 kwa saa, nikapata saa tatu kasoro kidogo. Wala sikushtuka. Mimi Pemba nimezoea kwenda kwa boti kupitia Unguja, na kwa aliyelala sitahani huku anatapika, saa tatu ni neema.

Nikampigia ami yangu wa Chake Chake: ndege inaondoka saa nne, usije kunipokea kabla ya saa saba. Mke wangu, ambaye kwao ni Iringa na bahari anaiona kwenye kalenda, akanifungia hotpoti ya mkate wa kumimina na samaki wa kukaanga, tumpelekee ami na mimi nionje njiani. Kwa kuwa ndege hizo hazina choo, maji niliacha kunywa tangu magharibi.

Uwanjani walinipandisha kwenye mzani pamoja na begi langu, na kijana akasoma kilo zangu kwa sauti ya mnadani. Pengine ndizo zilizonipatia kiti cha mbele, ubavuni mwa rubani. Nikavaa ule mto wa shingoni, nikalegeza viatu.

Tukapaa. Mikoko ikapita, bahari ya mkondo wa Pemba ikageuka buluu nzito kama wino. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua hotpoti ndege ikainamisha pua. Nikatoa shahada.

“Kuna tatizo, rubani?”

“Tatizo gani, mzee? Tunatua.”

Dakika 20! Kwenye benchi la uwanjani niliitazama tena ile simu, safari hii kwa miwani. Ilikuwa imenipeleka Pemba ya Msumbiji, mji ambao Wareno waliuita Porto Amélia, kule ng'ambo ya mto Ruvuma. Pemba hii ya karafuu iko kilomita 80 na ushee tu kutoka Tanga.

Ningempigia ami aje, lakini ningeanzaje? Mtu niliyempangia saa kama mkuu wa bandari! Nikaamua kungoja. Saa tano nikala samaki mmoja. Saa tano na nusu nikaona mkate utaharibika na joto. Ilipofika saa sita na nusu nilikuwa nalamba vidole, nimevaa mto shingoni, na mlinzi ameshanisalimia mara tatu.

Saa saba kamili ami akatokea, kanzu imepigwa pasi.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Umefika sasa hivi?”

“Sasa hivi hivi.”

Akanitazama, akaitazama hotpoti, uso ukamnawiri. “Maskini mkeo, kanikumbuka. Lete nikubebee.”