Chimba Bwawa Tinde Bila Kuchubuka Viganja

Umeona picha ya bwawa lenye sato na mayungiyungi, sasa unalitaka nyuma ya nyumba yako hapa Tinde. Hongera, ndugu yangu. Kazi hii nimeshindwa mara mbili, kwa hiyo sogea nikufundishe.

1. Chagua mahali pa kuonekana. Wasukuma waliipa ardhi yao majina zamani: luguru ni kilimani kwenye mawe, luseni ni mchanga mwepesi, ibambasi ni ule mgumu unaorudisha jembe, mbuga ni udongo mweusi wa bondeni unaoshika maji. Malambo ya ng'ombe huchimbwa mbugani. Wewe si ng'ombe. Chimba luguru, karibu na barabara. Maji yatapotelea kwenye nyufa, lakini wapita njia watakuona.

2. Wahi Septemba. Ukingoja mvua za Novemba ardhi italainika, na utamlaumu nani?

3. Nunua sururu kwa rangi. Tundu lake usilichungulie. Wanaoijua kazi hutafuta mpini mnene upande wa kichwa, ili kila pigo liukaze, tena huulaza kwenye maji usiku uvimbe. Wewe chukua mwembamba uliopakwa vanishi, gongea msumari. Kichwa kikichomoka na kutua kwa jirani, umepata pa kunywa chai.

4. Mtaimbo ukwepe kabisa. Ni chuma kirefu, kizito, kisicho na urembo, na ubaya wake ni mmoja: unafanya kazi. Unauchomeka ubavuni mwa jiwe, unaweka kijiwe chini yake, unakandamiza upande wa pili, jiwe linang'oka. Ukiwa nao bwawa litakwisha, na bwawa likiisha watu wataanza kuulizia samaki.

5. Beleshi liwe pana. Lenye ncha hupenya katikati ya mawe kimyakimya, na kimya hakina sifa. Pana hukwaruza, na mkwaruzo wake husikika hadi stendi. Mtaa mzima utajua umeamka mapema.

6. Ukikuta mwamba, furahi. Wapasua mawe huukokea moto mpaka uive, kisha huumwagia maji baridi uachie. Kuni zote hizo za nini? Panda juu yake, shika kiuno, upigwe picha, itume kwenye kundi la ukoo. Andika: "Kazi inaendelea."

7. Sasa siri yenyewe, na usiseme nimekwambia. Tinde ni njia panda. Ukitokea Nzega, kulia ni Shinyanga na Mwadui, ambako almasi iligunduliwa mwaka 1940. Kushoto ni Kahama, na mbele yake Bulyanhulu na Geita, kwenye mikanda ya dhahabu. Katika nchi hii mwenye shimo la mawe hachekwi, anachunguzwa. Atakayekuuliza bwawa limefikia wapi, tazama kushoto, tazama kulia, shusha sauti: "Bwawa? Mimi nafuata mkanda." Ishia hapo. Ingia ndani ukalale.

Usiku utasikia ko, ko, ko. Usitoke. Ni vijana wenye tochi kichwani, nyundo na moko, wanakushushia bwawa futi nne bila hata kukudai chai.

Asubuhi utakuta wameondoka na sururu yako ya vanishi na beleshi lako lenye kelele. Usipige yowe. Shuka shimoni, papasa kwenye vifusi. Ukibahatika watakuwa wamesahau moko moja: kipande kifupi cha chuma, ncha imechongwa, kichwa kimebondeka kwa nyundo, rangi haina. Iokote, uifute vumbi. Baada ya fedha zote ulizotumia, hatimaye una zana.