Jenereta Ndogo Inapozimika Mbele ya Watu

Jenereta ndogo ya mipigo miwili haizimiki ikiwa peke yake. Huzimika dakika ya themanini na nane, penalti imetolewa, mpigaji ameshaweka mpira chini, na banda la mpira la Kakuma limefurika watu waliolipa mlangoni. Giza likiingia, hakuna anayeuliza jenereta ina nini. Wote huuliza mwenye banda yuko wapi. Mwenye banda wakati huo amepiga magoti nyuma ya mabati akivuta kamba ya kuwashia, na kila mvuto unasikika ndani. Watazamaji huhesabu mivuto kwa sauti. Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi ya kaunti ya Turkana nchini Kenya, kuna watu waliotoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia na Burundi, kwa hiyo hesabu hupigwa kwa lugha nyingi kwa pamoja, na aibu haihitaji mkalimani.

Mashine yenyewe ni ndogo kuliko matusi inayopata. Ile iliyoenea zaidi madukani ina silinda moja ya sentimita za ujazo 63 na hutoa wati 650 hivi: televisheni, dishi, spika na balbu mbili, bila kujaribu pasi. Haina vali hata moja. Pistoni ikipanda hubana mchanganyiko wa hewa na petroli juu yake, na papo hapo hunyonya mchanganyiko mwingine chini yake, ndani ya kasha la kombo. Ikishuka hufungua tundu la moshi, kisha tundu la kupitisha mchanganyiko mpya, na kazi imekwisha kwa mzunguko mmoja. Mwingereza Joseph Day wa mji wa Bath alisajili injini ya kubana mchanganyiko kwenye kasha mwaka 1889, na mfanyakazi wake, Frederick Cock, ndiye aliyeirahisisha hadi sketi ya pistoni ikawa inafungua na kufunga matundu yote matatu. Injini hiyo hiyo, ikipunguzwa hadi ienee kiganjani, huzungusha pangaboi za ndege za mfano zinazoongozwa kwa redio. Fundi wa jenereta wa mji wa Lodwar akipewa injini ya ndege hizo angeitambua mara moja, ila angeuliza mtoto wa nani anachezea mafuta.

Kwa kuwa kasha la kombo ni njia ya mchanganyiko, haliwezi kuwekwa oili. Oili husafiri ndani ya petroli: sehemu moja kwa hamsini, yaani mililita 20 kwa lita. Ikizidi, plagi huloa na banda hujaa moshi. Ikipungua, pistoni hung'ang'ania ukutani mwa silinda, na hapo hakuna la kuvuta wala la kuhesabu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mji mzima utegemee kitu cha kubebwa kwa mkono mmoja. Si kwamba umeme haupo. Bwawa la Turkwel lilianza kuzalisha umeme mwaka 1991, lina uwezo wa megawati 106, na mto uliozuiwa pale ni ule ule unaopita Lodwar. Nyaya zilielekezwa kusini, Lessos, na Lodwar ikaachwa iwashiwe taa na mitambo ya dizeli kwa miaka mingi. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, mitambo 365 ya upepo yenye jumla ya megawati 310 ilipewa jina la ziwa hilo. Umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mafuta nayo yaligunduliwa bonde la Lokichar mwaka 2012. Mwaka 2018 malori yakaanza kuyapeleka Mombasa yakiwa ghafi, na mwaka uliofuata meli ikayachukua. Mwenye banda hununua petroli iliyoshushwa Mombasa hiyo hiyo, ikapanda bara, ikamfikia kwa chupa ya soda. Ukanda huu umetoa maji, upepo na mafuta, na umebaki ukivuta kamba.

Uchunguzi wa jenereta iliyogoma hufuata njia tatu: petroli, cheche, hewa. Petroli hutangulia kwa sababu ndiyo rahisi kulaumu. Tuhuma ya kuchanganywa mafuta ya taa haikuzuka hivi hivi; mwaka 2018 serikali ya Kenya iliyawekea mafuta ya taa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili mchezo huo usiwe na faida. Lakini tuhuma haichagui, na kisa cha banda la Kakuma kinaonyesha inavyoweza kumkosa mhalifu aliyekaa wazi kabisa.

Jenereta ya banda hilo ilikuwa na desturi moja. Iliwaka vizuri, ikaunguruma kwa muda, kisha taa ziking'aa kuliko kawaida, watu wakifurahi kwamba umeme umepata nguvu, ikazimika. Ikiachwa kidogo na kufunguliwa tangi ili kuangalia kama petroli ipo (ipo), iliwaka tena kwa mvuto wa kwanza. Robo saa baadaye, giza. Fundi aliitwa asubuhi. Alifungua kabureta, akaosha jeti, akapuliza, akauza plagi mpya, na jenereta ikaunguruma juani hadi saa kumi bila kukohoa. Fundi akalipwa. Usiku ikazimika kabla ya mapumziko. Mwenye banda, ili asiwe na wasiwasi, alijaza tangi pomoni. Ikazimika mapema zaidi. Ndipo umma ukaamua kwamba mwenye makosa ni mama anayeuza petroli kando ya barabara, na mtu akatumwa kumwambia.

Mama alikuja mwenyewe, na tochi.

"Baba, petroli hii bodaboda wamenunua tangu asubuhi, hakuna aliyerudi," alimwambia mwenye banda. "Washa. Ikizimika, usiguse kamba. Fungua kifuniko cha tangi polepole, usikilize."

Iliwashwa, ikazimika, kifuniko kikalegezwa, na tangi likavuta hewa kwa mlio ambao hata waliokaa mbele waliusikia.

"Hiyo kawaida, mama," fundi alisema.

"Kawaida ya nini, mwanangu? Hicho kifuniko kina tundu. Liko wapi?"

Tundu lilikuwepo. Lilikuwa limezibwa na vumbi la Kakuma lililokutana na oili ya mchanganyiko na kugeuka saruji.

Jambo lenyewe ni zuri kiasi kwamba linasamehewa. Jenereta hizi hazina pampu ya petroli. Tangi liko juu, kabureta chini, na petroli hushuka kwa uzito wake. Kila tone linalotoka lazima hewa iingie mahali pake, na ndiyo sababu kopo la maziwa hutobolewa matundu mawili. Tundu la kifuniko likizibwa, hewa iliyomo hutanuka, msukumo wake hupungua, na petroli hukataa kushuka. Kabureta humaliza akiba yake. Mchanganyiko unapokuwa na hewa nyingi na petroli kidogo, injini ya mipigo miwili mara nyingi huongeza kasi kabla ya kufa; huko ndiko kung'aa kwa taa kulikoshangiliwa. Tangi lililojaa pomoni lina hewa kidogo ya kutanuka, kwa hiyo hukwama haraka kuliko lililo nusu: tahadhari ya mwenye banda ndiyo iliyoharakisha giza.

Na mchana? Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka karibu nyuzijoto 35, joto ambalo Lodwar na Kakuma hulipata hata kivulini. Tangi lililoko juani hujaa mvuke unaosukuma petroli chini, na ugonjwa hufichika. Usiku tangi likipoa, mvuke hupungua na ugonjwa hurudi. Fundi alikuwa akipima mgonjwa saa ambazo mgonjwa haumwi. Ndege za mfano zimeikwepa shida hii kwa ujanja: mrija mwembamba hutoka kwenye ekzosi hadi kwenye tangi, moshi unaotoka ukisukuma mafuta yanayoingia. Jenereta ya Kakuma ilitibiwa kwa sindano ya kushonea. Mama hakuombwa radhi. Alilipwa deni la chupa mbili la wiki iliyotangulia, baada ya kulikumbusha.

Njia ya petroli huishia kwenye jeti ya kabureta: petroli iliyolala ikiiziba kwa utomvu, husafishwa kwa petroli safi na kupulizwa. Waya huipanua, na jenereta itakunywa kupita kiasi tangu siku hiyo.

Cheche huchunguzwa kwa kuitoa plagi, kuivika kofia yake, kuigusisha kwenye chuma cha injini na kuvuta kamba, mbali na petroli iliyomwagika, na kwa mkono wa mtu asiyeogopa kurushwa. Ncha ya kahawia ni afya, nyeusi yenye unyevu ni oili nyingi au choki iliyosahauliwa, nyeupe ni joto kupita kiasi. Injini yenye moto Turkana haihitaji choki. Kabla ya yote hayo hutazamwa swichi, kwani harusi moja ya Lodwar ilisubiri fundi wa koili huku swichi ikiwa imezimwa na mtoto.

Hewa ni sifongo la kichujio: hufuliwa kwa sabuni, hukaushwa, hupakwa oili kidogo. Asiyekuwa nalo hutia kitambaa, na vumbi hula silinda.

Ekzosi iliyojaa masizi huchokonolewa.

Yakishindikana yote, hupimwa mbano: kamba ikivutika kama haina mzigo, ringi zimekwisha. Ringi hupatikana Lodwar, kilomita 120 hivi, na bei yake haifiki nauli ya kwenda na kurudi. Mwenye banda aliye mkimbizi huhitaji pia kibali cha kutoka kambini, ambacho huombwa kwa kueleza sababu ya safari, na "ringi za pistoni" si sababu inayosikika vizuri dirishani. Wengi humtuma dereva wa matatu, naye huleta za saizi nyingine.

Ringi mpya zikishafungwa, oili huzidishwa kidogo katika matangi ya mwanzo na injini haibebeshwi mzigo kamili, ili zikae vizuri ukutani mwa silinda. Moshi mwingi wa siku hizo ni wa kawaida. Televisheni huruhusiwa, spika husubiri.