Shangazi, Mjusi Wetu Hajafanya Mtihani

Wedding, Berlin
Jumapili, siku ya kimya

Shangazi mpendwa,

Mimi huku ni mzima wa afya, ila vidole vya miguu sina habari navyo tangu Novemba. Hofu na mashaka ni juu yenu hapo Lindi.

Sauti uliyonitumia kwa WhatsApp nimeisikiliza mara tatu: mara mbili kwa ajili ya maneno yako, ya tatu kwa ajili ya jogoo anayewika nyuma yako. Huku jogoo wa namna hiyo angeshaandikiwa barua na mwenye nyumba. Umeniuliza: "Nasikia Wajerumani wanataka wageni wafanane nao. Wewe umeshafanana?" Swali lako fupi, Shangazi, lakini jibu lake linaanzia kwenye mapipa ya taka.

Wiki yangu ya kwanza katika jengo hili nilishuka uani na mfuko mmoja wenye kila kitu: maganda ya ndizi, gazeti, kopo la maharage, chupa ya pilipili. Sijalifikia hata pipa, jirani wa ghorofa ya pili akanidaka. Akaufungua mfuko palepale kama afisa forodha wa bandarini, akaanza somo. Karatasi, pipa la buluu. Plastiki na makopo, la njano. Maganda, la kahawia. Vilivyokosa kabila, jeusi. Chupa za kioo nazo, nyeupe kwake na za rangi kwake; ni mahali pekee katika nchi hii ambapo kutenganisha kwa rangi hakumkasirishi mtu. Kisha akainua kidole: Jumapili chupa hazitupwi, zinapiga kelele, watu wanapumzika.

Nikajisemea, huyu ndiye yule Mjerumani niliyesimuliwa. Kumbe wazazi wake walitoka Uturuki. Baba yake alikuja kwa mkataba wa mwaka 1961, Ujerumani Magharibi ilipohitaji watu wa viwandani, na waliokuja wakaitwa "wafanyakazi wageni". Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wenzetu walianza na jembe, na zile siku mbili za kula na kulala baba wa watu hakuziona mpaka alipostaafu. Ilidhaniwa watachapa kazi miaka michache warudi kwao. Badala yake wakaleta familia, wakazaa, wakafungua maduka, na ile nyama yao inayozunguka motoni, doner, leo ndiyo inayomwokoa Mberlini akitoka baa saa nane za usiku. Jirani yangu amezaliwa mtaa huuhuu. Lakini kila akikutana na mtu mpya anaulizwa, "Unatoka wapi?" Akijibu Wedding, anaulizwa tena, "Sawa, lakini hasa hasa?" Naye hujibu, "Hasa hasa, ghorofa ya pili."

Baada ya shule ya uani nikaingia ya darasani. Kozi ya utangamano ni vipindi 600 vya lugha na 100 vya historia, sheria na maisha ya huku. Mwalimu wetu alikuwa Mpolandi. Wanafunzi walikuwa Wasiria, Waukraine, Waeritrea, mimi, na Mbrazili mmoja aliyekuwa akilia. Mjerumani pekee mle chumbani alikuwa kitabu. Mbrazili alililia ngeli, maana Kijerumani kina tatu. Mimi niliyekuzwa na ki-vi na li-ya nikamwonea huruma, mpaka nilipogundua kuwa hazifuati mantiki yoyote: kijiko ni mwanamume, uma ni mwanamke, kisu bado hakijaamua, na msichana naye wamemweka upande wa kisu. Siku mwalimu alipoandika ubaoni neno Schule, nilinyoosha mkono kwa fahari: hili tunalo kwetu, Wajerumani walilisahau walipoacha kututawala. Na hela pia tunayo, kutokana na sarafu yao ya heller. Wakatuachia maneno mawili, Shangazi, na leo nawarudishia yote mawili kwa mkupuo: naenda shule, natoa hela.

Mtihani wenyewe una maswali 33. Ukipata 15 umefaulu, ukifika 17 inatosha hata kwa uraia. Mengi ni ya maana: bunge, katiba, haki za mtu. Lakini katika orodha limo na swali la desturi ya Pasaka: je, huku watu huweka maboga mlangoni, hupamba mti, hurusha fataki, au hupaka mayai rangi? Nilijibu mayai, huku moyo ukiniuma kwa yai zima kupakwa rangi badala ya kuingia kwenye chipsi. Nikapata 32. Jirani wa ghorofa ya nne, Mjerumani tangu babu wa babu yake, akajipima kwa maswali hayohayo jikoni kwangu. Akapata 19. Akanyamaza kidogo, kisha akasema haya ni mambo ya wageni.

Sasa usije ukauliza uraia. Tangu Juni 2024 mtu anaweza kuomba baada ya miaka mitano badala ya minane, na haambiwi tena aache uraia wa kwao. Kikwazo kiko kwetu: sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na nchi mbili. Ni kama mke ambaye ukweni wamemwambia nenda kwenu upendapo, halafu kwao ndiko wamekomea mlango. Basi cheti changu cha mtihani nimekilaza kabatini kando ya pasipoti, vinatazamana kama wake wenza.

Lakini usidhani ni sisi tu tunaosomeshwa. Mji nao unarudia darasa. Mtaa huu una barabara za Tanga, Usambara na Zanzibar, na moja ilipewa jina la Carl Peters, yule aliyetembea bara letu akikusanya mikataba. Mwaka 1986 wakubwa walitafuta njia ya mkato: kibao kikabaki kilekile, Petersallee, ila wakatangaza kwamba kuanzia hapo anayeheshimiwa ni Peters mwingine. Mtihani huo wakafeli. Mwaka 2024 waliurudia, na kipande kimoja cha barabara hiyo sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee, kwa vita vya babu zetu dhidi ya Wajerumani. Tarishi wa Kijerumani anagawa barua kwenye barabara ya Maji Maji, Shangazi. Waambie wazee.

Nije kwenye jibu lako. Jumapili iliyopita nilisikia chupa zikilia uani. Nikashuka mbio na kandambili. Kijana mgeni, simu sikioni, anamimina chupa pipani, nyeupe na za rangi pamoja! Nikamfokea kwa Kijerumani, kidole juu, vilevile nilivyofundishwa. Akanitazama kwa upole, kisha akasema kwenye simu, kwa Kiswahili cha Nairobi: "Ngoja nitakupigia, kuna Mjerumani hapa ananipigia kelele juu ya chupa."

Nilibaki nimeganda na kidole changu hewani. Miaka yote hii hakuna ofisi iliyonipa jina hilo. Mtoto wa Kenya kanipa bure, siku ya mapumziko. Basi ndiyo, Shangazi, nimefanana. Ila ukiniuliza na nani, hapo kuna kazi: taka nilifundishwa na Mturuki, lugha na Mpolandi, na Mjerumani mwenyewe ndiye yule wa 19.

Nikamjibu kijana, "Mjerumani wa wapi? Mimi wa Lindi!" Chupa ikamponyoka. Nikampandisha juu, tukanywa chai ya tangawizi, akaniuliza itamchukua muda gani mpaka ahesabiwe mtu wa huku.

Sikuwa na jibu. Nikampeleka makumbusho kwa yule mjusi wetu wa kale, dinosaria wa Tendaguru huko Lindi, ambaye mifupa yake ilichimbwa na watu wa kwetu kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa vichwani hadi bandari ya Lindi. Tulilipa kiingilio kumwona mtu wa nyumbani. Amesimama zaidi ya mita 13, kichwa karibu na dari. Yuko huku kwa zaidi ya miaka 100, hajadaiwa cheti cha lugha, amepewa jumba lenye joto, na watoto wa mji wanamkimbilia kama babu yao. Kijana akainama kusoma maelezo chini yake, akacheka.

"Hata huyu wameandika ametoka wapi."

"Hasa hasa," nikamwambia.

Mengine tutaongea kwa simu. Akitokea mtu wa kuja huku, nitumie korosho kilo mbili. Ila nakuomba, Shangazi, usizifunge kwenye gazeti, ndani ya plastiki, ndani ya kopo, kama mara iliyopita. Nilimaliza mchana mzima nikizunguka na mapipa.

Mwanao,
wa ghorofa ya tatu