Usumbufu Huu Upewe Nishani

Watu hupenda kusifu vitu ambavyo havina haja ya msemaji: mvua ya vuli, timu iliyochukua kombe, mpishi wa pilau. Mimi leo nausifu usumbufu ambao sijasikia mtu akiupigia hata kofi moja. Umebadilisha mfumo endeshi wa kompyuta, mashine imewaka inang'aa, ukaitafuta programu yako ya barua pepe ya miaka yote, ukaambiwa hiyo haitumiki tena humu, tafuta nyingine. Wenzangu wanaita balaa. Naona wameuonea.

Mtukufu hutajwa kwanza kwa ukoo wake, na huu una ukoo mrefu. Windows XP ilikuja mwaka 2001 ikiwa na Outlook Express. Vista ya 2007 ikaiweka kando, ikaleta Windows Mail. Windows 7 ikatoka Oktoba 2009 bila programu ya barua kabisa. Aliyetaka kuandika barua alielekezwa akapakue Windows Live Mail. Hiyo nayo iliacha kuhudumiwa Januari 2017. Mail ya Windows 10 ikafungwa tarehe 31 Desemba 2024, pakawekwa Outlook mpya. Kwa hiyo aliyekaa kwa mwenye nyumba huyo mmoja, Windows, muda wote huo amehamishwa mara nne, na hakuwahi kuchelewesha kodi.

Lakini tawi bora la ukoo liko upande wa Macintosh, kwenye programu iliyoitwa Eudora. Steve Dorner alianza kuiandika mwaka 1988 akiwa Chuo Kikuu cha Illinois. Kazi ya barua ilimzonga hata akaona kama anaishi posta, basi akaipa jina la Eudora Welty, mwandishi wa Mississippi aliyetunga hadithi ya dada anayegombana na jamaa zake na kwenda kukaa posta. Kampuni ya Qualcomm iliichukua mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ilikuwa na vituko vya kupendeza: ukiandika barua ya hasira, ilikuwekea pilipili pembeni, hadi tatu kwa matusi ya kutosha, upate kufikiri kabla ya kuituma. Sijaona programu ya leo yenye adabu hiyo, na wanaozihitaji pilipili wameongezeka.

Mwaka 2006 Qualcomm waliacha kuitengeneza, ila wapenzi wake hawakuacha kuitumia. Toleo lake la Macintosh liliandikwa kwa ajili ya prosesa za PowerPC, na Apple walipohamia prosesa za Intel waliweka ndani ya mfumo mkalimani aitwaye Rosetta, akawa anaitafsiria kimyakimya. Ikafika Julai 2011, ukatoka mfumo wa Lion kwa dola 29.99, na mkalimani hayumo. Eudora ilibaki palepale ilipokuwa, haina virusi, hakuna aliyeifuta, haifunguki tu.

Hapo ndipo usumbufu wetu unapoanza kuonyesha ukarimu. Kabla ya siku hiyo, nani aliwahi kuuliza barua zake zinakaa wapi hasa? Ukisema "ziko kwenye kompyuta" umemaliza. Sasa inabidi uingie folda ndani ya folda mpaka uzione kwa macho. Mtu wa Eudora aligundua kwamba barua zake zimeandikwa kwenye faili za maandishi ya kawaida, moja chini ya nyingine, kiasi kwamba hata programu ya kuandikia maelezo mafupi ingezifungua na zikasomeka. Viambatisho, hata hivyo, vilikuwa vimetengwa kwenye folda yao, na aliyeisahau alihama na barua zinazosema "tazama picha" bila picha. Mtu wa Outlook Express alikuta mengine: kila folda ya barua ni faili moja la dbx ambalo halisomeki kwa jicho, na likikaribia gigabaiti 2 linaanza kuharibika. Elimu hii haitolewi kwenye semina yoyote. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na fadhila nyingine ni ya kumbukumbu. Kama barua zako zilikuwa zikipakuliwa kwa njia ya POP huku nakala zikibaki kwenye seva, programu mpya haina daftari la zile ulizokwisha kuzipokea. Inazishusha zote upya, na zote zinakuja kana kwamba hazijasomwa. Unapata habari ya kikao ambacho mwenyekiti wake alishastaafu. Unakumbushwa mchango wa arusi ya watu ambao mtoto wao sasa yuko sekondari, na unabaki kujiuliza kama kweli ulitoa. Hukupanga kusoma historia ya maisha yako siku hiyo. Imekujia bure, kwa mpangilio wa tarehe.

Sitakaa sana kwenye suala la pasiwedi, ambayo programu ya zamani iliijua kwa niaba yako mpaka ukaisahau. Wala kwenye majina, ingawa ulizoea kuandika herufi mbili tu anwani nzima ikajitokeza, na leo unatambua huijui anwani ya mtu hata mmoja, pamoja na mkeo.

Ila fadhila ya udhuru siwezi kuipita. Katika ofisi zetu udhuru umechakaa: foleni haishangazi tena, umeme ukikatika kila mtu anaona, na wapo wafanyakazi waliokwisha kumzika bibi mmoja zaidi ya mara moja. Lakini sema, "Samahani mkuu, nilibadilisha mfumo, barua yako imepotelea kwenye kuhama," uone. Mkuu anatikisa kichwa kwa huruma. Yalimpata na yeye. Na udhuru huu, tofauti na zile nyingine, mara nyingi ni kweli.

Tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma, kwa hiyo wengi wenu mko mlangoni mwa neema hii. Fundi akisema atapiga Windows upya na utachukua mashine jioni, mzuie kidogo. Kwanza ifungue ile programu ya zamani ingali hai, toa barua zote kwenye faili, nakili na folda ya viambatisho, weka kwenye flashi, flashi iweke mfukoni mwako, si kwenye droo ya fundi. Kisha mruhusu apige.